Jino Likinyamaza Usishangilie: Jinsi ya Kutambua Jino Linalohitaji Tiba ya Mzizi

Mimi ni fundi cherehani, si daktari wa meno. Kwa miaka mingi nimekata uzi kwa meno ya mbele huku mkasi uko palepale mezani, na hakuna fundi mwenzangu ambaye hajanikanya. Ninayoyaandika hapa nimeyajua kwa njia mbili: kwa kuumwa, na kwa kumuuliza daktari wangu maswali mpaka akacheka. Meno yangu mawili yamefanyiwa tiba ya mzizi. Moja lilinitesa nikawa nalala nimeketi. La pili halikuniuma hata siku moja. Kisha lipo la tatu, ambalo nililishuku wiki nzima na kumbe halina kosa.

Nikiyaweka hayo matatu pamoja, naliona kosa langu la tangu mwanzo: nilikuwa napima jino kwa ukali wa maumivu. Ukali haukwambii mengi. Jiulize maumivu yamekaa muda gani, yamekuja yenyewe au yamechokozwa, na yamekoma vipi.

Kilichomo ndani ya jino

Tiba ya mzizi, ambayo wengi tunaiita kuua mshipa, haina uhusiano na ukubwa wa tundu unaloliona kwenye kioo. Inahusu kiini. Jino lina ganda la nje gumu kuliko mfupa, chini ya ganda hilo kuna tabaka lenye vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na katikati kuna chumba chenye nyama laini, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Chumba hicho kina vichirizi vinavyoshuka ndani ya mizizi hadi ncha, na huko nchani ndiko damu inakoingilia.

Bakteria wakikifikia kiini kwa kupitia tundu, ufa au kizibo kinachovuja, au jino likipigwa kwa nguvu, kiini huvimba. Kidole kikivimba, ngozi hutanuka. Kiini hakina pa kutanukia, kimezungukwa na kuta ngumu pande zote. Shinikizo hupanda, na ndiyo maana kitu kidogo kama punje kinaweza kumliza mtu mzima. Hali ikiendelea, damu hukatika na kiini hufa. Kikishakufa, uchafu wake hutokea kwenye ncha ya mzizi na kuanza kula mfupa wa taya.

Kwa hiyo dalili hubadilika kadiri siku zinavyokwenda. Kuna kiini kilichokasirika ambacho bado kinaweza kupona, kuna kisichoweza kupona tena, na kuna kilichokwisha kufa. Watu wengi huchanganyikiwa kwa sababu dalili za hatua moja zinapingana kabisa na za hatua nyingine.

Hesabu sekunde

Gego langu la chini kushoto, la kwanza katika yale makubwa, lilikuwa na kizibo cha miaka mingi. Siku moja nilikunywa maji ya baridi, likanichoma, likaacha. Sekunde mbili, labda tatu. Hilo peke yake halimaanishi tiba ya mzizi. Jino linaloshtuka kwa baridi na kutulia mara baridi inapoondoka, kwa kawaida kiini chake bado kina uhai wa kutosha. Huenda kuna tundu dogo la kuzibwa, kizibo kimelegea, au ufizi umeshuka na kuiacha shingo ya jino wazi. Ningekwenda kwa daktari wiki ile, pengine ningezibwa upya na kurudi kwenye cherehani yangu siku hiyohiyo. Sikwenda. Nilikuwa na nguo za watu za kumalizia.

Wiki chache baadaye, maji yaleyale yaliacha maumivu yasiyotaka kuondoka. Nilitazama saa ya ukutani: maji nimeshayameza, kinywa kimerudi kwenye joto lake, na jino bado linavuta. Nusu dakika. Siku mbili mbele, zaidi ya dakika nzima. Hapo ndipo mpaka ulipo. Maumivu yanayobaki kwa sekunde 30 au zaidi baada ya baridi au moto kuondoka ni dalili ambayo madaktari wa meno huipa uzito mkubwa, maana huashiria kiini kilichovimba kiasi cha kutorudi nyuma.

Ukitaka kujipima, tumia maji ya baridi ya kawaida, si barafu. Anza na upande ulio mzima, uyaache maji yatulie juu ya meno, uyateme na uhesabu. Hapo utajua jino lako zima linavyohisi, maana kila mtu ana kiwango chake. Kisha fanya hivyo upande unaoushuku. Mara moja inatosha. Andika sekunde ulizopata na uliache jino lipumzike. Nimewahi kumwona mtu akilichokoza jino lake kutwa nzima "kuhakikisha", na jioni hata lililo zima lilikuwa linauma.

Moto nao una lugha yake. Ipo hatua ambapo kinywaji cha moto hukuumiza na maji ya baridi hukupa nafuu. Mimi nilifika huko. Kwa siku mbili nilishona huku chupa ya maji ya baridi iko pembeni, kila baada ya dakika chache napiga funda na kulishikilia upande wa kushoto. Daktari aliniambia baadaye kwamba mgonjwa akiingia na chupa mkononi, yeye huwa ameshajua nusu ya habari kabla hajakaa kwenye kiti. Kiini cha aina hiyo kiko mbioni kufa.

Maumivu yasiyochokozwa

Umekaa kimya, hujala, hujanywa, na jino linaanza lenyewe kupwita kama mapigo ya moyo. Au linakuamsha saa nane za usiku. Hiyo ni dalili nzito kuliko kuumwa wakati wa kula. Ukilala, damu inayoelekea kichwani huongezeka na shinikizo ndani ya kile chumba kidogo hupanda, ndiyo maana wengi hugundua wenyewe kwamba kuongeza mito kunasaidia. Mimi nilikuwa na mito mitatu. Mwishoni niliegemea ukuta.

Hapa kuna mtego unaowaponza watu wengi: kiini hakijui kueleza kiko wapi. Siku zile ningeapa kwamba linaloniuma ni gego la juu, nikiwa na uhakika kama ninavyojua jina langu. Daktari alipoligonga baadaye, hakuna kitu. Kosa lilikuwa la chini. Maumivu ya kiini hupanda sikioni, huenda kwenye panja, husambaa tayani, na juu na chini hubadilishana. Jambo moja hayafanyi: hayavuki katikati. Jino la kushoto halitakuumiza kulia. Ukiona pande zote mbili zinauma kwa mpigo, anza kufikiria sababu nyingine, kama kusaga meno usingizini. Na kamwe usimshinikize mtu akung'oe "hilo hapo" kwa sababu wewe ndiye unayeumwa. Ningesikilizwa mimi, leo ningekuwa nimepoteza gego zima na bado naumwa.

Kimya kingi

Baada ya siku kumi na kitu za mateso, niliamka asubuhi moja na jino limeacha. Limeacha kabisa. Nilikunywa maji ya baridi kwa majaribio, hakuna. Ya moto, hakuna. Nilicheka peke yangu. Nikamwambia kila aliyekuja kuchukua nguo kwamba jino langu limepona bila daktari.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sijui kama walikuwa na jino akilini, lakini wangeweza kuwa nalo. Jino lililokuwa linauma vibaya kisha likanyamaza ghafla bila matibabu, mara nyingi kiini chake kimekufa. Hakuna tena cha kuhisi baridi. Bakteria hawajaondoka, wamebaki mle ndani ambako damu haifiki, kwa hiyo kinga ya mwili haiwezi kuwafuata, wala dawa unayomeza haiwezi. Ukisoma makala hii ukaacha mengine yote, shika hili: jino halijiponyi kwa namna hiyo. Lililonyamaza baada ya kelele linahitaji kuonwa upesi kama lile linalopiga kelele.

Mshindo wangu ulikuja baada ya miezi minne. Safari hii hapakuwa na baridi wala moto. Jino lilionekana kama limerefuka. Nikifumba kinywa, lilikuwa la kwanza kugusana na lenzake, na kutafuna upande ule hakukuwezekana. Sababu ni kwamba uvimbe ulikuwa umetoka nje ya mzizi na kufika kwenye nyuzi laini zinazolishika jino katika mfupa. Nyuzi hizo, tofauti na kiini, zinajua mahali. Ghafla niliweza kulinyooshea kidole jino lenyewe, bila kubahatisha. Ukitaka kujijaribu, bonyeza kila jino kwa kidole kuelekea mzizini, ukianza na majirani zake. Lenye shida litajitaja.

Siku chache baadaye nilihisi kwa ulimi kitu kama kipele kwenye ufizi, chini ya gego lile. Kilikuwa na kichwa cheupe, kinapasuka, kinatoa ladha mbaya ya chumvichumvi, kinanywea, kinarudi. Hakiumi. Hicho ni kitundu ambacho usaha umejichimbia kutoka kwenye ncha ya mzizi hadi kinywani, na hakiumi kwa kuwa shinikizo limepata mlango. Simama karibu na mwanga mzuri, vuta shavu, ukague fizi zako nje na ndani. Kipele kinachorudi mahali palepale si cha kupaka dawa.

Jino lililobadilika rangi

Hili la pili ni fupi. Nikiwa na miaka kumi na miwili nilianguka nikajigonga mdomo. Jino la mbele lilitikisika kidogo, likashika, tukasahau. Miaka mingi baadaye, wateja wakaanza kuniuliza kama nimekula kitu. Jino lilikuwa limegeuka kijivu polepole, moja tu kati ya meupe. Halikuuma jana wala leo. Wakati wa kushughulikia gego, daktari alipiga picha ya eksirei na hili pia, na kwenye ncha ya mzizi wake kulikuwa na kivuli cheusi cha mviringo: mfupa ulioliwa.

Rangi peke yake haitoi hukumu. Kuna jino huwa la manjano baada ya kugongwa kwa sababu chumba chake kimejaa ukuta mpya, na mengi ya namna hiyo huachwa tu yakiangaliwa. Lakini ukipigwa jino, hata kama halikuuma, lionyeshe kwa daktari na ulirudishe kuangaliwa kwa miezi kadhaa. Na jino la mtu mzima lililong'oka zima kwa ajali, likarudishwa mahali pake, kwa kawaida huhitaji tiba ya mzizi ndani ya wiki mbili hivi.

Yanayofanana lakini siyo

La tatu, nililolishuku bure, lilikuwa kweli matatu: magego ya juu kulia yote yaliuma kwa pamoja, na yaliuma zaidi nikiinama kuokota pini sakafuni. Nilikuwa na mafua. Mizizi ya magego ya juu iko jirani na uwazi ulio ndani ya mfupa wa shavu, na uwazi huo ukijaa makamasi, meno hulalamika. Mafua yalipoisha, na meno yakaisha. Meno kadhaa kuuma kwa mkupuo, ukiinama au ukiruka, ni dalili ya pua kabla ya kuwa ya jino.

Meno mengi yanayoshtuka kidogo kwa baridi au unapopiga mswaki, huku hakuna hata moja linaloendelea kuuma, kwa kawaida ni shingo za meno zilizo wazi. Ufizi unaouma nyuma ya gego la mwisho, na kinywa kinafunguka kwa shida, huenda ni jino linaloota vibaya. Na lipo jambo la ufa, ambalo ni gumu hata kwa madaktari: ukiuma kitu kigumu unapata mchomo mkali kama sindano, hasa pale unapoachia, si unapobana. Ufa mdogo unaweza kuokolewa kwa kofia ya jino. Ulioshuka hadi mzizini kwa kawaida hauna dawa zaidi ya kung'oa.

Usisubiri miadi

Uvimbe unaosambaa shavuni, chini ya taya au kuelekea jicho. Homa na kutetemeka. Kushindwa kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vizuri. Ulimi kuinuliwa na uvimbe ulio chini yake. Hayo ni ya hospitali, usiku huohuo, si kesho. Usaha wa jino unaweza kuziba njia ya hewa. Na kuna moja lisilo la meno: taya inayouma unapopanda ngazi na kutulia ukipumzika, au inayoambatana na kifua kubana na jasho, ni ya moyo mpaka ithibitike vinginevyo.

Ukiwa unangoja kuonwa

Ibuprofeni kwa kawaida hufanya kazi vizuri kwa maumivu ya jino kwa kuwa inapunguza uvimbe, na inaweza kutumiwa pamoja na parasetamoli kwa watu wazima wanaoruhusiwa kuzitumia zote mbili. Mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo, pumu inayoamshwa na dawa za aina hiyo, mjamzito, au anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, aulize kwanza kabla ya kugusa ibuprofeni. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24. Aspirini imezwe au iachwe. Ukiiweka kwenye ufizi inauchoma ufizi, na sasa una vidonda viwili. Usiweke kitu cha moto kwenye shavu lililovimba.

Antibayotiki ndizo zilizonikosesha miezi. Nilipoumwa mara ya kwanza, mtu mmoja wa duka la dawa alinipa vidonge, maumivu yakaisha wiki hiyohiyo, nikaamini vidonge vimetibu. Kiini kilikuwa kimekufa tu kwa ratiba yake. Mwaka 2019 chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa mwongozo unaoshauri kutotumia antibayotiki kwa sehemu kubwa ya maumivu ya kiini na majipu madogo ya jino kwa watu wazima walio na kinga nzuri, ikiwa jino lenyewe linaweza kutibiwa. Zina kazi yake pale maambukizi yanaposambaa au homa inapokuja, na hata hapo jino bado linangoja kusafishwa.

Ukifika, mweleze daktari kwa tarehe: lini lilianza, baridi ilikaa sekunde ngapi, lini lilikuamsha, lini lilinyamaza. Mwambie umemeza dawa gani na saa ngapi, kwa sababu dawa ya maumivu inaweza kuficha majibu ya vipimo. Atakugusisha pamba yenye baridi kali kwenye meno kadhaa, atagonga kwa mpini wa chombo, atapima ufizi na kupiga eksirei. Usishangae eksirei ikiwa safi ilhali unaumwa. Mfupa unatakiwa uwe umepoteza madini mengi kabla kivuli hakijaonekana. Ndiyo sababu ile karatasi yako ya sekunde ina thamani.

Wengi hapa huuliza, si bora ning'oe tu? Jino la pembe si dawa ya pengo. Kama mzizi haujapasuka na ukuta wa jino uliobaki unatosha kubeba kofia, mimi ningeliokoa. Nilichomwa ganzi, nikafunikwa jino kwa kipande cha mpira ili mate yasiingie, kisha daktari akatoa visindano vyembamba kuliko sindano yoyote niliyonayo dukani, akavisafishia vichirizi vitatu, viwili mbele na kimoja nyuma. Safari mbili. Kilichoniuma zaidi ni taya kwa kukaa nimeachama. Usiku wa kwanza lilikuwa na uchungu wa kuguswa, siku ya tatu nilikuwa natafuna upande wa pili bila kulifikiria.

Gego lililotibiwa huwa rahisi kuvunjika, kwa hiyo usicheleweshe kofia yake. Rudi pia kupiga eksirei baada ya miezi sita hadi mwaka. Yangu ilipigwa mwezi wa kumi na mbili: kile kivuli cha chini ya gego kilikuwa kimebaki alama ndogo, mfupa umejaa. Cha jino la mbele kinapungua taratibu zaidi, bado tunakiangalia. Mkasi nimeufunga utepe, unaning'inia shingoni.